Tahajia za Jina la Ukoo De Bruijn
Jina la ukoo la Kiholanzi De Bruijn, litokanalo na neno lenye maana ya rangi ya kahawia, huandikwa pia De Bruyn na De Bruin. Matamshi ni yale yale. Makarani wa kanisa waliliandika kadiri walivyolisikia, hata mtu mmoja akaweza kubatizwa kwa tahajia moja na kuzikwa kwa nyingine. Daftari za serikali zilipoenea Uholanzi mwaka 1811, chini ya utawala wa Napoleon, tahajia ya karani ikapata nguvu ya sheria. Neno la kawaida lilisanifishwa kuwa bruin, majina hayakuguswa. Kwa hiyo mtafiti wa nasaba asidhani herufi ni damu: ndugu waweza kutofautiana kwa tahajia, na wasiohusiana wakafanana.