Greg Hartmann: Karani wa mahakama aliyetaka kusimamia kura za Ohio

GREG Hartmann ni mwanasiasa wa chama cha Republican nchini Marekani, aliyekuwa Karani wa Mahakama katika Kaunti ya Hamilton, Ohio, kabla ya kuwania wadhifa wa Katibu wa Jimbo mnamo 2006.

Msomaji wa Kenya huenda akashangaa karani kuwa mwanasiasa, kwani hapa nchini makarani wa mahakama huajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Ohio ni kinyume. Karani huchaguliwa na wapigakura kwa tiketi ya chama, kwa kipindi cha miaka minne. Hupokea mashtaka, huhifadhi faili na kukusanya faini na ada. Hamilton ni kaunti yenye jiji la Cincinnati, na shughuli za ofisi hiyo huwafikia watu wengi ambao hawajawahi kumtembelea mbunge wao.

Hartmann alishika ofisi hiyo 2003, akimrithi James Cissell. Tayari kaunti ilikuwa imevuma kwa kuweka rekodi za mahakama kwenye mtandao, zikasomwa na yeyote bila malipo. Uwazi huo ulikuwa na madhara yake. Mwanamke mmoja aliyenaswa akiendesha gari kwa kasi mnamo Septemba 2003 alipewa hati ya kosa ambayo baadaye iliwekwa mtandaoni pamoja na anwani, sahihi, tarehe ya kuzaliwa na nambari yake ya hifadhi ya jamii. Mwaka uliofuata, tapeli alitumia jina lake kununua bidhaa za maelfu ya dola. Kilichofichua chanzo ni tarakimu moja: nambari ya leseni aliyotumia tapeli ilikuwa na kosa lile lile lililokuwa kwenye hati hiyo.

Mwanamke huyo alimshtaki karani. Mnamo 2008 Mahakama ya Rufaa ya Sita iliamua kwamba hasara ya kifedha ya namna hiyo haikuvunja haki yake ya faragha chini ya Katiba ya Marekani. Kisheria Hartmann alishinda, ingawa raia hana hiari ya kuinyima mahakama habari zake.

Kinyang'anyiro cha 2006 kilikuwa na uzito usio wa kawaida, kwa sababu Katibu wa Jimbo ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi Ohio. Aliyekuwepo, Kenneth Blackwell, alisimamia uchaguzi wa 2004 huku akiwa mwenyekiti mwenza wa kampeni ya George W. Bush katika jimbo hilo. Bush alishinda Ohio kwa kura zipatazo 118,000, na kwa kura 20 za wajumbe wa jimbo hilo akabaki Ikulu. Wapigakura walipanga foleni kwa saa nyingi, na Blackwell alilaumiwa hata kwa kuagiza fomu za usajili zilizochapishwa kwenye karatasi nyepesi zikataliwe, agizo alilolibatilisha baadaye. Ni sawa na refa kuvaa jezi ya timu moja.

Hartmann hakuhusika katika hayo, lakini alibeba bendera ya chama hicho mwaka mbaya. Gavana Bob Taft, wa chama hicho hicho, alikuwa amepatikana na hatia mnamo 2005 kwa kutotangaza zawadi alizopokea. Mpinzani wake, Jennifer Brunner wa Democratic, aliyekuwa jaji, alipata takribani asilimia 55 ya kura dhidi ya asilimia 40 za Hartmann. Blackwell naye alishindwa kwenye ugavana na Ted Strickland.

Hartmann alirejea nyumbani. Mnamo 2008 alichaguliwa kamishna wa Kaunti ya Hamilton baada ya vyama viwili vikuu kuafikiana visipingane katika viti viwili, kimoja chake na kingine cha Todd Portune wa Democratic. Desemba 2015 alitangaza kutotetea kiti, na mapema 2016 Dennis Deters akateuliwa kukijaza. Novemba mwaka huo Denise Driehaus alimshinda Deters, na wingi katika bodi hiyo ya makamishna watatu ukahamia Democratic.