Madoa kwenye kioo: historia ya kipimo kinachosoma dawa za miti shamba

SEHEMU YA 1: Kwa nini naandika haya

Leo tunaongea historia, ila siyo ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya kipimo cha maabara kinachoitwa kromatografia ya tabaka jembamba. Jina refu, najua. Usikimbie, ukifika sehemu ya nne utakuwa unaweza kumweleza jirani yako.

Sisi wa wodini karibu kila siku tunapokea wagonjwa walioanzia kwa miti shamba. Simlaumu mtu, wengi wetu tumelelewa na mwarobaini wa kuchemsha. Shida inaanza pale unapouliza, "Mama, umekunywa dawa gani?" Unajibiwa, "Ya majani, sista." Majani gani? "Aliyeniuzia hakusema." Mkononi ana chupa ya maji ya dukani, ndani kuna kitu cheusi, na figo zake zimegoma. Daktari anataka kujua mle ndani kuna nini, na hakuna anayejua.

Swali hilo, "humu ndani kuna nini?", siyo geni. Kipimo ninachowaeleza kilizaliwa kwa sababu ya swali hilohilo, na waliokibuni walikuwa wanapima dawa za mimea.

SEHEMU YA 2: Mtu wa majani na mtu wa tone

Tuanzie Warsaw, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Urusi. Mtaalamu wa mimea Mikhail Tswett alitaka kujua ukijani wa jani umetengenezwa na nini. Akajaza unga wa chokaa kwenye mrija wa kioo, akamimina juu yake maji ya majani aliyoyakamua kwa petroli nyepesi, halafu akaongeza petroli safi ishuke taratibu. Kumbe kijani siyo kimoja! Ndani ya mrija zilijitenga rangi tofauti, kijani za aina mbili na manjano kadhaa, kila moja kwenye mkanda wake. Alieleza kazi hiyo mwaka 1903, na mwaka 1906 akaipa jina kromatografia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Cha kufurahisha, jina lake mwenyewe, Tswett, kwa Kirusi ni rangi.

Wakubwa wa kemia wa enzi zake hawakumjali sana. Alifariki 1919, na mbinu yake ikalala mpaka mwaka 1931, wanasayansi wa Heidelberg, Ujerumani, walipoifufua.

Sasa twende Kharkov, Ukraine, mwaka 1938. Nikolai Izmailov na mwanafunzi wake Maria Shraiber walikuwa na kazi inayofanana na tatizo letu. Walitakiwa kukagua dawa za mimea zilizolowekwa kwenye spiriti, zile tinkcha za famasi. Mrija wa Tswett ulikuwa unafanya kazi, lakini ulikuwa mwendo wa kinyonga. Wakajiuliza, kwani lazima uwe mrija? Wakachukua kioo kidogo cha hadubini, kama hiki tunachopakia damu ya malaria. Wakapaka juu yake tabaka la unga wa alumina, wakadondosha tone moja la dawa, kisha kiyeyushi juu yake. Tone likatanuka likawa miduara, mmoja ndani ya mwingine. Wakamulika kwa taa ya urujuanimno, miduara ikang'aa. Kila mmea ulikuwa na mchoro wake.

Hapo ndipo kipimo kilipozaliwa. Kwa tone moja na dakika chache ukaona kama tinkcha ni yenyewe au imechakachuliwa. Makala yao ilitoka kwa lugha ya kwao, mwaka uliofuata vita kuu ikaanza, na dunia haikuwasikia mapema.

SEHEMU YA 3: Balungi na POP

Marekani, idara ya kilimo, Pasadena huko California. Mwaka 1951 Justus Kirchner na wenzake walikuwa wanatafuta kinacholeta ladha kwenye juisi ya machungwa na mabalungi. Walipaka jeli ya silika kwenye vipande vyembamba vya kioo, wakaigandisha kwa wanga ili isipukutike. Badala ya kudondosha kiyeyushi juu, walikisimamisha kioo ndani ya kiyeyushi ili kipande chenyewe kuanzia chini. Kazi nzuri, lakini kila maabara iliyojaribu kuiga ilitengeneza kwa namna yake, na majibu hayakulingana.

Aliyemaliza ubishi ni Mjerumani Egon Stahl, mtaalamu wa dawa za mimea. Kuanzia mwaka 1956 alipigania jambo ambalo sisi manesi tunalielewa vizuri: utaratibu mmoja kwa wote. Unga uwe wa aina moja na saizi moja, tabaka liwe na unene uleule (robo ya milimita), na kuwe na kifaa maalumu cha kulipaka. Kufikia 1958 unga na kifaa hicho vilikuwa vinauzwa tayari, na mwaka 1962 akatoa kitabu kikubwa cha mbinu hii. Kuanzia hapo ikasambaa dunia nzima.

Stahl aligandisha silika yake kwa nini? Kwa plasta ya Paris! Ndiyo, POP ileile tunayofungia mifupa, wagonjwa wanaiita hogo. Ndiyo maana unga wake uliitwa Silika G, G ikitokana na neno la Kijerumani Gips. Huwa nikimfunga mtu mguu nakumbuka kwamba unga huuhuu ulishikilia kemia ya dawa za mimea.

SEHEMU YA 4: Kinafanyaje kazi

Chukua bati dogo lililopakwa jeli ya silika (ni kitu kilekile cha kwenye vipakiti vya maboksi ya viatu vilivyoandikwa usile). Kwa penseli chora mstari chini. Kwa mrija mwembamba kama ule wa kuvutia damu ya kidole, weka doa dogo la dawa unayoipima. Pembeni yake weka doa la mmea halisi unaoujua. Hilo la pembeni usilisahau, nitalirudia.

Simamisha bati kwenye chombo cha kioo chenye kiyeyushi kidogo chini, kisifikie madoa. Funika. Kiyeyushi kitapanda chenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi wa kibatari.

Sasa fikiria watu wawili wametoka pamoja Mnazi Mmoja kuelekea ndani ya Kariakoo. Mmoja anasimama kila duka, anashika kitambaa, anauliza bei. Mwingine hana habari na maduka, anakwenda na umati. Baada ya nusu saa watakuwa mbali. Silika ndiyo maduka, kiyeyushi ndicho umati. Kemikali inayoipenda silika inabaki chini, isiyoipenda inapanda juu. Zilizoanza kwenye doa moja zinaishia madoa tofauti.

Umbali unapimwa kwa rula. Doa likipanda sentimita 4 na kiyeyushi kikapanda 8, unagawanya unapata 0.5. Ukitumia bati lilelile na kiyeyushi kilekile, namba hiyo inakuwa kama kitambulisho cha hiyo kemikali.

Madoa mengi hayaonekani kwa macho, kwa hiyo kuna taa na dawa za kupuliza. Kwinini ya kwenye gamba la mkwinini, mti ambao Wajerumani waliuotesha Amani kule Usambara, inang'aa bluu chini ya taa ya urujuanimno. Alkaloidi nyingi zikipuliziwa kimiminika cha Dragendorff zinageuka rangi ya chungwa. Ukisoma bati zima unaona mchoro wa mmea, kama alama za vidole.

SEHEMU YA 5: Brussels, jina moja mimea miwili

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza mwili huko Brussels, Ubelgiji, iliwapa wanawake vidonge vyenye unga wa mitishamba ya Kichina. Mwaka 1992 madaktari wakaanza kushangaa. Wanawake wasio wazee wanakuja na figo zinazokufa kwa kasi. Walipofuatilia, wote walipita kliniki ileile.

Mmea uliotakiwa unaitwa fang ji. Uliowekwa ni guang fang ji. Masikioni ni ndugu, lakini ni mimea ya koo tofauti kabisa, na huo wa pili una asidi ya aristolokia inayoua figo na kuleta saratani. Wakemia walipouchambua unga, kemikali ya mmea halali haikuwemo, na ya mmea wa sumu ilikuwemo. Zaidi ya watu 100 waliathirika. Utafiti uliotoka mwaka 2000 ulifuatilia wagonjwa 39 walioondolewa figo na mirija ya mkojo, na 18 kati yao walikutwa na saratani.

Unga ukishasagwa hakuna mganga wala mfamasia anayeweza kuutambua kwa macho. Bati linaweza. Leo kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Ulaya kina kipimo cha asidi hiyo, na hatua mojawapo ni bati hilihili. Kwetu ambako jina la mti linabadilika ukivuka mto, hii habari isitupite.

SEHEMU YA 6: Huku kwetu

Muhimbili ilianza kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ikapitishwa mwaka 2002. Tangu miaka ya 1990 mwishoni kuna pia sanduku la Kijerumani linaloitwa Minilab, maabara ndani ya begi, lenye mabati haya na taa ndogo, kwa ajili ya kunasa vidonge bandia kama vya malaria. Mamlaka yetu ya dawa ilianza kuyatumia miaka ya 2000 mwanzoni, mipakani na kwenye baadhi ya hospitali. Vidonge siyo miti shamba, lakini akili ni ileile ya Kharkov.

Kuna ulaghai mwingine wa siku hizi: dawa inauzwa kama ya mimea tupu, kumbe imechanganywa na ya hospitali. Ya viungo inatiwa deksamethazoni, ya nguvu za kiume inatiwa sildenafili, ya sukari inatiwa glibenklamidi. Mgonjwa anasema, "Hii miti ni kiboko!" Halafu uso unavimba, sukari inapanda. Akiiacha ghafla, mwili uliozoea steroidi unaweza kuanguka. Mwenye ugonjwa wa moyo akiwa ametumia sildenafili bila kujua, sisi tukampa naitreti ya maumivu ya kifua, presha inaweza kuporomoka. Hapa ndipo doa moja kwenye bati linapoamua maisha.

Tusidanganyane lakini, kipimo hiki kina mipaka. Hakioneshi vijidudu. Kwa namna ya kawaida hakioneshi risasi wala zebaki. Kemikali mbili zinaweza kusimama mahali pamoja, ndiyo maana mtaalamu anarudia kwa kiyeyushi kingine. Na bila lile doa la pembeni, la mmea halisi, unabaki na picha nzuri isiyo na jina. Mmea halisi unaujua mganga mkweli na mtaalamu wa mimea, na maabara inawahitaji wote wawili.

Kwa hiyo manesi wenzangu, mgonjwa akitaja miti shamba usimgombeze. Ukimgombeza leo, kesho anaficha. Uliza kwa upole, andika kwenye faili jina, rangi, alianza lini, anakunywa kiasi gani. Na wewe unayetumia, au unayemuuguza mama nyumbani: ukija hospitali njoo na chupa yenyewe, au unga wenyewe kwenye karatasi, hata kama umebaki kijiko. Usiimwage kwa kuogopa kusemwa. Kilichobaki kwenye hiyo chupa ndicho kinachoweza kupandishwa kwenye bati.