Nusu ya Nini?

Kila inapotangazwa habari ya shambulio la bunduki huko Marekani, msikilizaji wa Kiswahili huletewa jina moja kati ya mawili. Silaha ile itaitwa "rashasha", au itaitwa "bunduki ya nusu-otomatiki". La kwanza ni kosa la haraka, na mtangazaji aliyekuwa akikimbizana na saa anaweza kusamehewa. La pili halina udhuru huo. Limepita mikononi mwa watu waliokaa, wakatafakari, wakaliona zuri, na sasa linawafikia hata wachezaji wa mashindano ya shabaha, ambao bunduki ya marisau kwao ni kifaa cha mchezo kama raketi kwa mcheza tenisi.

Nusu ya nini?

Bunduki iitwayo hivyo ikifyatuliwa hufungua chemba yenyewe, hutupa ganda tupu, hujikoki, huchukua risasi nyingine kwenye magazini na kuiingiza chemba. Hakuna hatua hata moja inayoishia njiani. Kinachobaki kwa mpigaji ni kuvuta triga tena, na hilo ameachiwa kwa makusudi. Aliyesema "nusu" amegawanya kitu kisichogawanyika.

Turudi kwanza kwenye rashasha, maana kosa lake lina mafunzo. Neno hili limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza, mzizi uleule uliotupa mvua ya rasharasha. Bunduki ya rashasha ni ile ambayo ukishikilia triga, inaendelea kumwaga risasi mpaka uachie au ziishe. Kuna wafasiri walioona marisau yakitawanyika hewani wakadhani wamepata jina. Hawakupata. Risasi ya geji 12 yenye gramu 28 za marisau madogo ya namba saba na nusu hubeba punje kama 350, na zote hutoka mtutuni kwa pigo moja, kwa triga moja. Kutawanyika kwa punje ni jambo moja, kumiminika kwa risasi ni jambo jingine kabisa. Na Kiswahili hakikuwa na upungufu hapa: marisau ni neno la zamani, limo kwenye kamusi, na lilikuwa midomoni mwa wawindaji kabla ya kamati yoyote ya istilahi kuundwa.

Hata bunduki lenyewe lina nasaba ya kujivunia. Linatokana na Kiarabu bunduq, aina ya kokwa ambayo Wagiriki waliiita kokwa ya Ponto, yaani nchi za pwani ya Bahari Nyeusi. Kutoka kwenye kokwa jina likahamia kwenye vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde wakati wa kuwinda ndege, na baruti ilipokuja likahamia kwenye silaha mpya. Wako wanaoshikilia kwamba limetoka Venisi, kwa kuwa Waarabu huuita mji huo al-Bunduqiyya. Hoja hiyo inapendeza sikioni, hasa ukikumbuka kwamba hati kongwe kuliko zote za kiwanda cha Beretta, ya mwaka 1526, ni ya malipo kutoka ghala la silaha la Venisi kwa mitutu 185. Lakini vidonge vya upinde vilikuwa vikiitwa bunduq kabla ya mitutu hiyo kufuliwa. Ukoo wa neno haufuatwi kwa kufanana kwa sauti, na wanaofanya hivyo wangefaa waache kazi ya etimolojia kwa wenye subira.

Sasa tuje kwenye otomatiki. Wagiriki walisema automatos kwa kitu kitendacho kwa hiari yake. Katika Iliadi ya Homer, malango ya mbinguni yanafunguka yenyewe Hera anapofika na gari lake la farasi. Neno lilikaa karne nyingi likiwa na heshima hiyo mpaka mafundi wa bunduki walipolichukua na kulitumia ovyo. John Moses Browning, fundi wa Ogden, Utah, alipata hataza ya bunduki yake ya marisau mwaka 1900. Kampuni ya Winchester, iliyozoea kununua miundo yake kwa malipo ya mara moja, ilikataa kumlipa kwa kila bunduki itakayouzwa. Akaenda Remington. Januari 1902, akiwa anasubiri kuonana na mkuu wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, zikaja habari kwamba Hartley amefariki. Browning akapanda meli kwenda Ubelgiji, na kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, kikaichukua kazi. Bunduki hiyo ndiyo inayojulikana hadi leo kwa jina la Auto-5, tano kwa ajili ya risasi zake tano: nne kwenye magazini na moja chemba.

Hapo ndipo ulipozaliwa mkanganyiko wote. Auto-5 ilipewa jina la otomatiki ingawa kila triga ilitoa risasi moja. Baadaye, silaha za kumimina risasi zilipolidai jina hilo, ikabidi bunduki za aina ya Browning ziteremshwe cheo ziitwe za nusu. Hii "nusu" tunayoisujudia ni kiraka cha Kiingereza juu ya kosa la Kiingereza. Sisi hatukukosea, kwa nini tubebe kiraka?

Na hata wenzetu wa lugha hiyo walikuwa na njia nyingine. Mwaka 1911 Winchester walitoa bunduki yao ya marisau iliyobuniwa na T. C. Johnson kwa kuzikwepa hataza za Browning. Kwa kuwa mkono wa kukokia ulikuwa ndani ya hataza hizo, bunduki hii haikuwekewa. Mpigaji alitakiwa kuuvuta mtutu wenyewe. Watu walisimamisha kitako chini wakausukuma mtutu kwa mikono miwili, mdomo wa bunduki ukiwaelekea, na waliokuwa na risasi chemba waliumia, wengine wakafa. Ilipewa jina la utani la mfanya-wajane. Lakini jina lake rasmi kiwandani lilikuwa sahihi kuliko la Browning: ya kujishindilia. Wajerumani nao husema Selbstladeflinte, neno lenye maana ileile. Kwa bahati mbaya kwetu yalisafiri majina mabaya. Katika taarifa za polisi Tanzania, herufi SMG na SAR zimezoeleka kiasi kwamba mtu anazitamka kama majina ya watu, na ile A ya SAR (semi-automatic rifle) ndiyo otomatiki yetu ileile.

Neno linalotetewa hapa ni jishindilizi. Bunduki ya marisau jishindilizi. Kwa mkato, marisau jishindilizi.

Kushindilia ni kitenzi cha bunduki tangu enzi ya gobore. Mwindaji alimimina baruti mtutuni, akaweka kizibo cha kitambaa, akashindilia kwa mdeki. Akamimina marisau, akaziba, akashindilia tena. Ndipo akapachika fataki. Kazi yote ile ilibebwa na kitenzi kimoja. Alichofanya Browning ni kuuondoa mdeki mikononi mwa mtu na kuikabidhi bunduki kazi hiyo. Basi bunduki inajishindilia. Kutoka hapo hadi jishindilizi ni hatua ya kawaida ya sarufi yetu: tuna kitenzi kisaidizi, tuna kishazi tegemezi, na hakuna mwalimu aliyewahi kulalamika.

Mwandishi wa makala haya aliliwasilisha neno hili, pamoja na kurasa sita za hoja, mbele ya jopo ambalo halitatajwa. Jibu lilichelewa kwa miezi minane na lilikuwa na mstari mmoja: neno ni refu. Jishindilizi lina herufi 12. Nusu-otomatiki, bila kuhesabu kistari, lina herufi 13. Ni vigumu kuamini kwamba waliojibu walihesabu, na ni vigumu zaidi kuamini kwamba walisoma.

Wapinzani wenye staha zaidi wamependekeza "jipakizi". Bunduki si lori. Kupakia ni kwa mizigo na abiria, na kujipakia ni kupanda mwenyewe. Wengine wanataka "ya kujikoki", na hao wanastahili jibu la heshima, kwa kuwa kukoki ni neno linalotumika kambini na mitaani. Ila kukoki ni kuiweka bunduki tayari kufyatuka. Hakusemi kama kuna kitu chemba. Bunduki tupu nayo hukokiwa.

Mchezo wenyewe unalithibitisha neno. Shirikisho la kimataifa la shabaha ya vitendo, IPSC, lililoundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, lilifanya mashindano yake ya kwanza ya dunia ya bunduki ya marisau mwaka 2012 huko Debrecen, Hungaria. Alama hugawanywa kwa sekunde, kwa hiyo kujaza magazini ni sehemu ya shindano. Mtazame mpigaji mwenye magazini ya bomba chini ya mtutu: anaegemeza kitako begani, tumbo la bunduki likigeuka juu, mkono wa kushoto unachomoa risasi nne mkandani, mbili mbele na mbili nyuma yake. Dole gumba linasukuma jozi ya kwanza, springi inabisha, dole linakaza, jozi inazama. Kisha ya pili. Huko ni kushindilia kwa mkono, na sekunde moja baadaye bunduki inaendelea na kushindilia kwake.

Anayetaka kuchagua bunduki ya mashindano aulize basi inajishindilia kwa nguvu ipi. Za Benelli ya Urbino, kama M2, hutumia inesha, muundo wa Bruno Civolani: bunduki inaposukuma bega, mwili wa bolti unabaki nyuma ya mwendo, unabana springi ngumu, na springi hiyo ndiyo inayofungua chemba. Ni safi na nyepesi, lakini haipendi risasi dhaifu wala kuongezewa uzito. Za gesi, kama Beretta 1301, huchota moshi wa baruti kupitia tundu la mtutuni kusukuma pistoni. Bega hupumzika zaidi, masizi huongezeka. Mengine ni kulilainisha tundu la kujazia lisikwaruze dole, kuhakikisha kitako kinalingana na mwili, na kuwa na leseni.

Na hapa kuna faida ambayo jopo halikuigusa hata kwa kidole: jishindilizi lina kitenzi chake, nusu-otomatiki halina. Ganda likikwama mlangoni, mchezaji akanyoosha mkono kuashiria hitilafu, atasema "imegoma kujishindilia", na fundi atajua pa kuanzia: risasi ni hafifu, au kuna tochi na kishikilia risasi vilivyoongezwa juu ya bunduki ya inesha, au pistoni haijasafishwa tangu mashindano yaliyopita.