Damu Haisubiri: Safari ya Lwala na Vazi Linalookoa Mama

  Leo tunasimulia jinsi hospitali moja ya kijiji ilivyopata vifaa, na kwa nini vifaa peke yake havitoshi.

Kijiji cha Lwala kiko Kamagambo Kaskazini, karibu na Rongo, katika kaunti ya Migori. Zamani hakikuwa na zahanati wala umeme. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku alimtegemea nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi. Mambo yakiharibika, alibebwa hadi barabarani kutafuta gari. Wengine hawakufika.

Mwaka 2000 kijana wa hapo, Milton Ochieng', alipata nafasi ya kusoma Marekani. Hakuwa na nauli. Wanakijiji wakachanga, wengine wakauza kuku na mbuzi, hadi zikapatikana dola 900. Walimwomba jambo moja tu: asiwasahau. Mdogo wake, Fred, alimfuata baadaye. Baba yao alikuwa na ndoto ya kujenga zahanati kijijini, lakini aliaga dunia kabla ya kuiona. Vijana hao, wakiwa bado wanasomea udaktari, walichangisha fedha pamoja na jamii, na mwaka 2007 zahanati ikafunguliwa. Baadaye ilikua ikawa Hospitali ya Jamii ya Lwala.

Basi, je, jengo jipya lilimaliza shida? La, msikilizaji. Nyumba ya matibabu haimsaidii mama aliyebaki nyumbani. Kwa hiyo akina nyamrerwa hawakufukuzwa wala kudharauliwa. Walifundishwa wakawa wahudumu wa afya wa jamii. Yule aliyekuwa akizalisha nyumbani sasa akawa anamtembelea mjamzito, anamkumbusha kliniki na kumsindikiza hospitalini. Mama humsikiliza mtu anayemjua.

Gharama nayo ilikuwa kizuizi kikubwa. Tarehe 1 Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na akina mama wengi zaidi wakaja. Lakini wingi wa wazazi wodini unadai wauguzi wa kutosha, dawa na vifaa. Hapo ndipo suala la ubora linapoingia.

Tuchukue mfano wa kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Hali hii inaua akina mama wengi kuliko matatizo mengine ya uzazi, na mama anaweza kufa kwa muda usiozidi saa mbili. Kuna sindano ya oksitosini inayofanya tumbo la uzazi likaze, lakini dawa hiyo huharibika kwenye joto. Lazima ikae kwenye jokofu. Umeme ukipotea na jokofu likazimika, mama atadungwa dawa isiyo na nguvu. Mnaona, akina mama? Jokofu linalofanya kazi ni kifaa cha uzazi, sawa na mkasi wa kukata kitovu.

Kifaa kingine ni vazi la kuzuia mshtuko. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Mmarekani, George Crile, alibuni vazi la kujazwa hewa la kumsaidia mgonjwa mwenye shinikizo la chini la damu. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa NASA, shirika la Marekani la mambo ya anga, walitengeneza aina isiyohitaji hewa. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza litumiwe kwa mama anayetokwa na damu, wakati anasubiri matibabu kamili. Lwala ilikuwa miongoni mwa waliolifikisha katika vituo vya Migori.

Vazi hili linafanana na suruali nzito iliyokatwa vipande. Muuguzi huanza kulifunga kwenye vifundo vya miguu, akipanda hadi tumboni. Linabana, na damu inarudi kwenye moyo, mapafu na ubongo. Huoshwa na kutumiwa tena. Haliponyi, bali linampa mama muda wa kufikishwa penye daktari na damu ya kuongezwa. Likifungiwa kabatini, au muuguzi asipofundishwa kulitumia, halina faida kuliko blanketi.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wauguzi walitandika chini ya mama plastiki yenye mistari ya kupimia damu badala ya kukisia kwa macho, na hali ikionekana mbaya walitoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Visa vya kutokwa na damu kupita kiasi, na madhara yake makubwa, vilipungua kwa asilimia 60. Kifaa chenyewe kilikuwa plastiki tu. Kilicholeta mabadiliko ni kupima mapema na kuchukua hatua upesi.

Wasikilizaji, wanakijiji wa Lwala walianza na kuku na mbuzi. Haba na haba hujaza kibaba. Nanyi mna sehemu yenu:

Jisajilini na familia zenu katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ya siku ya kujifungua.

Pangeni mapema mtakavyosafiri usiku, na nani atabaki na watoto.

Mama aliyejifungua akilowesha leso moja baada ya nyingine, akihisi kizunguzungu, akitoka jasho la baridi au akipoteza fahamu, mwiteni muuguzi papo hapo. Kama yuko nyumbani, mpelekeni hospitali mara moja. Njiani mfunikeni apate joto, na kama ana fahamu, mtoto anyonye, kwani kunyonyesha husaidia tumbo la uzazi kukaza.

Katika mikutano ya kituo chenu cha afya, ulizeni: Jokofu linafanya kazi? Vazi lipo? Nani anajua kulifunga?

Kuuliza si utovu wa adabu. Kwaherini hadi kipindi kijacho.