Bach Ndani ya Roki

Sisi watu wa roki hupenda kujisifu ati hatukusomea muziki, tuliuokota tu mtaani. Historia inasema vingine.

Mwanzoni mwa karne ya 18, Johann Sebastian Bach aliandika kipande kifupi cha dansi, Bourrée ya BWV 996. Kina sauti mbili, moja juu na nyingine chini, na kila moja inashika njia yake. Zaidi ya miaka 200 baadaye, vijana wawili wa Liverpool, Paul McCartney na George Harrison, walijifunza kukipiga ili kuringishia wenzao. McCartney mwenyewe amesema hapo ndipo mbegu ya "Blackbird" ilipotoka. Sikiliza rekodi hiyo ya 1968: hakuna ngoma, hakuna besi. Kuna gitaa moja, mwimbaji mmoja na mguu unaogonga sakafu. Mwaka uliofuata, Jethro Tull wakarekodi Bourrée yenyewe kwa filimbi.

Mimi hupiga gitaa la umeme, na kile kiplastiki cha kupigia nyuzi kilikuwa kimenifanya nifikirie sauti moja tu. Bourrée ilinilazimisha kukiweka chini. Kidole gumba kikawa mpiga besi, vidole vingine vikawa mwimbaji. Tena nyuzi za nailoni hazina amplifaya ya kuzibeba. Noti ikifa, imekufa. Lazima ujue inaanza wapi na inaisha wapi.

Kelele bado naipenda, maze. Lakini sasa stima zikipotea, wimbo wote unabaki mkononi.