Kutoka Kipande cha Manamba hadi Tangazo la Simu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chamwino, niliyepata kumfundisha, alinitumia tangazo la kazi ya utunzaji wa ghala la taasisi ya umma. Mshahara ulikuwa mnono. Mwombaji alitakiwa kutuma shilingi 80,000 za fomu na vipimo vya afya kabla ya jioni. Mama yake alikwisha kuuza gunia la uwele. Aliniuliza: "Mwalimu, nitume?"

Swali lake lina historia ndefu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, chombo cha kuandikisha vibarua kutoka maeneo ya mbali kama Kigoma na Songea. Reli ya Kati, inayopita hapa Dodoma, iliwabeba watu wa Kigoma kuelekea mashariki. Kila mmoja alipewa namba. Ndiyo asili ya jina manamba.

Waliahidiwa mshahara wa mwezi, na mshahara ulikuwapo kweli. Hila ilijificha katika neno "mwezi". Shambani mwezi haukufuata kalenda bali kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ya ugonjwa, au siku ambayo kibarua hakumaliza sehemu aliyopimiwa, haikuwekewa alama. Hivyo "mwezi" mmoja uliweza kuchukua siku 40 na zaidi. Mwenye kadi alipong'amua hayo, alikuwa mbali na kwao na amefungwa na mkataba.

Tapeli wa leo ametofautiana na wakala wa zamani katika jambo moja kubwa. Wakala alilipwa na mwenye shamba. Tapeli hulipwa na mtafuta kazi mwenyewe. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kutazama. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Hapa kwetu, maombi ya kazi yanayopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hayalipiwi.

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Ikulu ya Chamwino kuzinduliwa Mei 2023, jina la Serikali limekuwa karibu na milango yetu. Tapeli hulitumia kwa sababu hiyo hiyo: linaaminika.

Basi tuulize maswali ambayo manamba hawakupewa nafasi ya kuuliza. Mwajiri ni nani, na ofisi yake iko wapi? Nani anamlipa nani? Maneno ya mkataba yana maana gani kwa aliyeyaandika? Kwa nini naharakishwa?

Kijana alikwenda kuuliza kwenye taasisi iliyotajwa. Hawakuwa wametangaza nafasi yoyote. Fedha ya uwele ingali mikononi mwa mama yake.