Mfinyango wa Mimba, si Uratibishaji wa Kijusi

Nimelikuta tena juzi, katika kijitabu cha semina ya afya: "uratibishaji wa kijusi". Msomaji anaijua dhana yenyewe, kwamba janga linalompata mama mjamzito, liwe njaa, vita au mafuriko, huacha athari zinazomtokea mwanawe ukubwani. Sitaieleza. Ugomvi wangu ni na jina.

Ratiba tuliipokea kutoka Kiarabu, na kokote iendako huandamana na mpangaji: ratiba ya treni, ratiba ya mitihani, mratibu wa mradi. Nani aliratibu Mtunya? Ndivyo Wagogo walivyoiita njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza walioingia Dodoma Julai 1916, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Inakadiriwa walikufa watu 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo. Mshairi wetu Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka huohuo wa 1917. Wanawake waliobeba mimba miaka ile hawakupangiwa kitu. Walibanwa.

Hapo ndipo neno langu, mfinyango, linapoanzia. Kufinya ni kubana. Ongeza -ang-, kiambishi cha kale cha Kibantu cha kurudiarudia, upate kufinyanga: kubana na kubana tena mpaka umbo litokee. Ukoo huohuo umetupa finyu, chembamba kisichotosha, kama chakula cha mwaka wa njaa. Kitenzi kimoja kimebeba dhiki na umbo kwa pamoja. Lugha gani nyingine ingetupa bahati hiyo? Na wahenga walishasema: udongo uwahi ungali maji. Waholanzi waliokuwa tumboni katika njaa ya 1944–45 walipopimwa wakiwa na miaka 50 hivi, miili yao ilishindwa zaidi kuidhibiti sukari kuliko ya wenzao ambao njaa haikuwakuta tumboni. Udongo ulikuwa umekwisha kukauka.

Kijusi nacho nakikataa. Kinakaa jirani mno na ujusi, uchafu wa uzazi, tena kinamwondoa mama katika habari inayomhusu. Hakuna mimba isiyo na mama.

Niliwahi kulipeleka pendekezo hili mbele ya kamati moja. Nikajibiwa kwamba mfinyango ni neno la vyungu, halina hadhi ya kitaalamu. Nilirudi nyumbani Miyuji, hapa Dodoma, na uchungu ambao haujaniisha. Mbona mfuko wa uzazi umekubalika vitabuni, na mfuko ni kitu cha sokoni?

Kulitumia neno langu ni rahisi: mtoto alifinyangwa na njaa, mfinyango wa ukame, athari za mfinyango.

Wakunga na wauguzi wa Dodoma, nawaomba mlijaribu kliniki. Mtamkieni mama "uratibishaji wa kijusi", kisha "mfinyango wa mimba", halafu akirudi mwezi ujao mwulizeni ni lipi alilomsimulia mumewe.